Kwa nini pikapu inaingiza faida nono na gari dogo linaambulia makombo?

Rimu15:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Napitia ripoti za mwaka za watengenezaji magari na kuna jambo haliniingii akilini. Mwaka 2018 Ford walitangaza kuachana na karibu sedani zao zote Amerika Kaskazini, wakabakiza Mustang na kung'ang'ania pikapu na SUV. Sababu kubwa ilikuwa faida. Lakini ukiingia uvunguni, pikapu ni teknolojia ya kizamani: chesisi ya ngazi, ekseli ya kipande kimoja nyuma, springi za mabamba. Sedani nyingi zina bodi iliyoungana na sakafu, na sasponsheni inayojitegemea kila tairi. Inakuwaje kilicho rahisi kutengeneza ndicho kinauzwa ghali?

Na kama siri ni ukubwa, mbona Ferrari ni ndogo na inavuna kwa kila gari kuliko wengi? Halafu kuna hili: mwaka 2024 Ford Pro, kitengo cha magari ya biashara, kilipata dola bilioni 9.0 kabla ya riba na kodi, wakati Model e, kitengo cha magari ya umeme, kilipoteza bilioni 5.1. Kampuni ni ile ile. Pesa inatokea wapi hasa: kwenye bati, bei, au sheria? Na mtu akitaka kukadiria faida ya gari moja kutoka kwenye ripoti aanzie wapi?

Kalibu:
Mkuu, kinachokuchanganya ni kudhani bei ya gari hupangwa kwa kufuata gharama zake. Bei inamfuata mnunuzi, yuko tayari kutoa ngapi. Gharama inafuata idadi ya vipuri na saa za kazi. Viwili hivi havipandi kwa mwendo mmoja.

Weka gari dogo na pikapu kubwa ubavu kwa ubavu. Kila moja lina kompyuta ya injini, pampu ya ABS (breki zisizofunga matairi), rafu ya usukani, mifuko ya hewa, dashibodi, mkungu wa nyaya na kioo kimoja cha mbele. Kila moja lazima ligongeshwe ukutani kwenye majaribio ya usalama na lipimwe moshi. Gari likikua, orodha ya vipuri haiwi ndefu mara mbili, vipuri vile vile vinanenepa tu. Kinachoongezeka sana ni chuma. Tuseme pikapu imezidi kwa kilo 700. Ukikadiria dola 1 kwa kilo, hizo ni dola 700. Bati likishakatwa, theluthi yake au zaidi inabaki vipande vya kuuzwa skrapu, kwa hiyo weka 1,000. Ongeza injini kubwa, gia boksi nene, matairi na difu: elfu chache tena. Saa za kuunganisha hazipishani sana. Bei ya kwenye yadi, kwa upande wake, inaruka kwa dola 20,000 au zaidi.

Sasa njoo kwenye gharama zisizobadilika, ndiko wengi wanakopotea. Mstari unaotoa gari 1 kila dakika, zamu 2 za saa 8, siku 250 kwa mwaka, unatoa magari 240,000. Kalibu za kupigia bati, roboti za kuchomelea, karakana ya rangi na mishahara ya wahandisi vinalipwa hivyo hivyo, utoe magari 240,000 au 40,000. Namba zifuatazo nimezitunga ili hesabu ionekane. Tuseme gharama hizo ni dola milioni 600 kwa mwaka.

Sedani: kiwanda kinamuuzia wakala kwa 18,000, vipuri, vibarua wa mstari, usafirishaji na waranti vinakula 15,500. Kinabaki 2,500. Gawanya milioni 600 kwa 2,500, unapata 240,000. Yaani kiwanda kikimbie mwaka mzima bila kusimama ndipo kitoke sare.

Pikapu: wakala ananunua kwa 42,000, gharama za moja kwa moja ni 31,000. Kinabaki 11,000. Milioni 600 kwa 11,000 ni magari kama 54,500 hivi. Hiyo ni chini ya robo ya uwezo wa kiwanda. Kila gari linalofuata linaingiza 11,000 kabla ya kodi na gharama za makao makuu.

Ongeza punguzo. Soko likilala, kampuni inatoa dola 2,500 kusukuma mzigo. Kwa sedani hapo hakuna kilichobaki, kila gari linalotoka getini halichangii hata senti kulipia kalibu. Pikapu inabaki na 8,500. Ndiyo maana mdororo wa uchumi unaua kwanza magari madogo yenye kiwanda chake peke yake.

Kuhusu chesisi ya ngazi, hiyo "ya kizamani" ndiyo mtaji. Kabini na bodi ya mizigo ni vipande tofauti vinavyokaa juu ya chesisi, kwa hiyo chesisi moja inabeba kabini fupi, kabini ya milango minne, bodi ndefu, bodi fupi, hata SUV ya viti saba. Kwa gari lenye bodi iliyoungana na sakafu, ukirefusha kidogo tu unagusa kalibu za sakafu, ubavu na paa, kisha unarudi kwenye majaribio ya kugongesha. Kalibu za bodi nzima ni mamilioni ya dola, na zinachukua miezi kutengenezwa.

FulOpsheni:
Nakubaliana na Kalibu ila ameruka kitu kizito: matoleo na nyongeza. Gari la toleo la chini mara nyingi lipo ili tangazo liseme "kuanzia dola kadhaa". Faida iko kwenye ful opsheni.

Viti vya ngozi, rimu kubwa, paa la kioo, spika 12, kamera za pembe zote: kiwanda kinanunua kwa wingi, kwa mkataba wa miaka. Mteja anaviona kwa furushi, na furushi limepangwa kwa makusudi. Unataka viti vyenye joto? Lazima uchukue pia rimu na skrini kubwa. Vitu vingine vimeshafungwa kwenye gari tayari, kinachofanyika ni kuvifungua kwa programu, kwa sababu kuwa na mkungu mmoja wa nyaya kwa matoleo yote ni nafuu kuliko kutengeneza mitano tofauti.

Mfano wa kale ni Mustang ya 1964. Chini yake ilikuwa Falcon, gari la kawaida la familia ambalo sehemu kubwa ya gharama zake ilikuwa imeshalipwa. Ilianzia dola 2,368, halafu ikafuata orodha ndefu ya nyongeza: injini, gia, viti, redio. Mwingine: Lincoln Navigator iliyotoka 1997 ilikuwa Ford Expedition iliyobadilishwa sura na kupambwa ndani, na Expedition nayo imetokana na F-150. Chuma kimoja kimeuzwa mara tatu kwa bei tatu. GM wakajibu kwa Cadillac Escalade mwaka uliofuata kwa kuivalisha GMC Yukon nembo nyingine, tena waliifanya haraka kiasi kwamba tofauti zilikuwa za kutafuta.

Volkswagen walifanya hivyo kwa magari madogo kupitia MQB, msingi mmoja wa kujengea magari mengi, 2012. Umbali kati ya pedali na katikati ya tairi la mbele umefungwa, mengine yanarefushwa na kupanuliwa. Golf, Audi A3, Octavia na Leon zote zimo humo. Kwenye msingi mmoja, Audi ndiyo yenye nafasi nzuri ya kufaidi: sakafu ile ile, bei nyingine.

Rimu15:
Asanteni sana. Sasa nauliza, kama sedani ndogo inatoka sare tu, kwa nini bado zinatengenezwa? Si wangefunga wote?

Kalibu:
Sababu tatu hivi, na uzito wake hutofautiana kwa kila kampuni. Kwanza, mstari ukiwa tayari upo, gari linalobakiza hata 1,000 linasaidia kulipa gharama ambazo zingelipwa vyovyote vile. Kusimama ni hasara kubwa zaidi. Pili, mnunuzi wa kwanza: anayeanza na gari dogo la kampuni fulani ana uwezekano wa kurudi kununua kubwa. Hiyo ya pili mimi huwa naipunguza nusu, maana mameneja wa masoko wanaipenda kupita kiasi. Tatu ni wastani wa ulaji wa mafuta unaodaiwa na sheria, ambao magari madogo huusaidia na ambao mdau mwingine ataueleza vizuri kuliko mimi.

Ila gari dogo linaweza kuuzwa kwa hasara miaka nenda rudi bila mtu kujua, kama uhasibu wa gharama ni mbovu. Mini ya Uingereza ilitoka 1959 kwa pauni kama 497. Ford wa Uingereza walinunua moja, wakaifungua bolti kwa bolti, wakapiga bei ya kila kipande na kila mshono wa kuchomelea. Hesabu yao ilionyesha kila Mini inauzwa kwa hasara ya takriban pauni 30. Kazi hiyo bado inafanyika mpaka leo. Gari la mshindani linafunguliwa, kila kipande kinapimwa uzito, kinahesabiwa skrubu na dakika za kukifunga, kinapewa bei. Mtu mwenye uzoefu akishika mabano ya chuma anajua kama yamepigwa kwa pigo moja la mashine au matatu, na kila pigo lina kalibu yake ya kulipiwa.

Bandarini:
Nichukue upande wa sheria, kwa sababu bila huo huwezi kuelewa kwa nini pikapu ni mgodi hasa Marekani.

Mwaka 1963 Rais Johnson alitia saini ushuru wa asilimia 25 kujibu Ulaya iliyokuwa imezuia kuku wa Marekani, ukaanza kutozwa 1964. Uligusa wanga wa viazi, dekstrini, brandi na malori madogo. Vingine vilikuja kuachiwa, wa malori ukabaki. Kwa muda mrefu gari la abiria kutoka nje lilitozwa asilimia 2.5 tu, mpaka ushuru mpya wa 2025 ulipovuruga hesabu hizo. Kwa hiyo miaka mingi sedani ya Marekani ilipambana na dunia nzima kwenye bei, na pikapu ilipambana na wachache waliokubali kujenga kiwanda ndani. Ushindani mdogo, bei ya juu. Hakuna uchawi.

Watu walijaribu kuukwepa. Subaru BRAT ililetwa na viti viwili vya plastiki kwenye bodi ya mizigo ili ihesabiwe gari la abiria. Ford wenyewe walileta Transit Connect kutoka Uturuki ikiwa na viti na madirisha ya nyuma, ikishavuka forodha viti vinang'olewa na gari linageuka kuwa la mizigo. Mwaka 2024 walikubali kulipa dola milioni 365 kumaliza shauri hilo.

Pili ni viwango vya ulaji wa mafuta, vilivyotokana na sheria ya 1975. Malori madogo yalipewa kiwango laini kuliko magari ya abiria. Baadaye lengo likafungwa kwenye eneo lililo kati ya matairi manne: gari pana na refu linapewa lengo rahisi. Tazama inavyosukuma mambo: SUV nyepesi ya kuvuta tairi mbili huhesabiwa gari la abiria. Ile ile ikifungwa mfumo wa tairi nne na kuinuliwa inavyotakiwa inahesabiwa lori dogo, na lengo lake linalegea. Mnunuzi analipa zaidi kwa tairi nne, na sheria inadai kidogo. Faini zenyewe za kuvuka viwango hivyo zilishushwa hadi sifuri mwaka 2025, kwa hiyo siku hizi nafuu ni kubwa zaidi.

Tatu, kodi ya mnunuzi. Gari la biashara lenye uzito wa juu unaoruhusiwa, pamoja na mzigo, unaozidi pauni 6,000 linaweza kukatwa kwenye mapato ya kodi haraka kuliko gari jepesi. Wauzaji wanaijua namba hiyo kwa kichwa.

Ulaya upepo unavuma kinyume. Mtengenezaji akizidisha wastani wa hewa ukaa, faini ni euro 95 kwa kila gramu iliyozidi kwa kilomita, kwa kila gari lililosajiliwa. Akizidi gramu 5, hiyo ni euro 475 kwa gari, pamoja na yale madogo yasiyo na kosa. Hapo SUV ya petroli inabeba gharama isiyoonekana kwenye orodha ya vipuri, na gari la umeme linabeba nafuu. Tesla waliuza hati za nafuu ya moshi, ambazo wenzao huzinunua ili kutimiza viwango, kwa dola bilioni 2.76 mwaka 2024, mwaka ambao faida yao halisi ilikuwa kama bilioni 7.1.

SeliNaVolti:
Kuhusu Model e. Watu wanasema "umeme haulipi" na kuishia hapo. Ile hesabu ya Kalibu ya kilo 700 za chuma kwa dola 1,000 ndiyo inayovunjika.

Kwenye petroli, gari kubwa linadai injini kubwa kidogo na tangi kubwa, vitu vya bei ndogo. Mafuta ya ziada anayalipa mteja barabarani. Kwenye umeme, ukubwa unalipwa kiwandani, mapema, kwa betri. Wastani wa bei ya betri duniani mwaka 2024 ulikuwa dola 115 kwa kilowati-saa (kWh) ya pakiti nzima. Gari la wastani la kWh 60 linabeba betri ya kama dola 6,900. F-150 Lightning yenye betri kubwa ina kWh 131, yaani zaidi ya dola 15,000 kwa bei hiyo hiyo. Tofauti ya dola 8,000 imetoka moja kwa moja kwenye ule mgodi wa pikapu. Na mteja wa pikapu anataka kuvuta tela. Tela linaongeza upinzani wa hewa, umbali unashuka vibaya, anadai betri kubwa zaidi. Ni mduara usio na mwisho.

Weka juu yake kiwanda kisichojaa. Tumia mfano wa Kalibu: milioni 600 ukizigawa kwa magari 30,000 ni dola 20,000 kwa kila gari kabla hujanunua skrubu. Hasara "kwa kila gari" inayotangazwa magazetini sehemu kubwa ni hiyo, pamoja na utafiti wa magari ambayo bado hayajatoka. Si kwamba kila gari likiuzwa pesa hiyo yote inadondoka mfukoni.

Mizania:
Rimu15, swali lako la ripoti limeachwa, nalichukua.

Anza na meza ya vitengo, usianze na faida ya kampuni nzima. Chukua faida kabla ya riba na kodi, igawe kwa mapato. Ford Pro 2024: bilioni 9.0 kwa 66.9, kama asilimia 13.5. Ford Blue, magari ya petroli na mseto ya wateja wa kawaida: 5.3 kwa 101.9, kama 5.2. Kisha angalia nini kimewekwa wapi. Super Duty, yaani pikapu nzito za Ford, zote za Amerika Kaskazini ziko Pro, F-150 nyingi ziko Blue. Usiseme "pikapu zote ni asilimia 13".

Gawanya kwa magari yaliyopelekwa kwa mawakala, si yaliyouzwa kwa wateja. Kiwanda kinaandika mapato gari linapokabidhiwa kwa wakala, hata likikaa yadini miezi mitatu. Mawakala wakijazwa mzigo Desemba, faida ya mwaka inapendeza na punguzo linakuja kuuma robo inayofuata. Na usitumie bei ya tangazo, ina kipande cha wakala ndani.

Ferrari 2024: magari 13,752, faida ya uendeshaji euro bilioni 1.888, mapato bilioni 6.677. Asilimia 28.3, takriban euro 137,000 kwa gari. Ila ndani yake mna udhamini wa mbio na biashara ya nembo, kwa hiyo namba ya gari lenyewe ni pungufu. Tena Ferrari wanafuata kanuni za kimataifa za uhasibu, zinazoruhusu sehemu ya gharama za kubuni gari iwekwe kama mali na kukatwa kidogo kidogo. Ford wanafuata kanuni za Marekani, gharama hizo zinakatwa zikitokea. Ukilinganisha bila kurekebisha utawaonea Ford.

Siri ya Ferrari ni foleni. Wanatengeneza pungufu ya wanaotaka, hakuna punguzo, na kila mteja anaagiza rangi na mishono yake. Gharama za kubuni ni kubwa mno kwa kila gari, bei inazimeza.

Malori makubwa yana hesabu tofauti kabisa. Tajiri wa malori anapiga gharama kwa kila kilomita, hanunui sura. Faida ya kuuza kichwa cha lori inaweza kuwa ya kawaida tu. Pesa inakuja baadaye kwenye vipuri, mikataba ya matengenezo na mikopo, kwa sababu lori la safari ndefu linavuka kilomita 100,000 kwa mwaka na haliwezi kusubiri pampu ya maji wiki nzima. Scania wamejijenga kwa vijenzi vinavyooana: kabini, injini, gia na ekseli chache zinachanganywa kutoa malori ya kila namna, na fundi anakuta kipuri kile kile kwenye lori la mchanga na la kontena. Ukisoma ripoti ya kampuni ya malori, tafuta mstari wa huduma kwanza. Mauzo ya malori mapya yakiporomoka, huo ndio unaobaki umesimama.

Rimu15:
Mizania, swali la mwisho: mikopo ya magari ya kampuni yenyewe, niihesabu kwenye faida ya gari?

Mizania:
Iweke pembeni, ina kitengo chake. Ila chunguza kitu kimoja: riba ya asilimia 0 inayotangazwa. Mara nyingi kitengo cha magari ndicho kinakilipa kitengo cha mikopo tofauti ya riba, na malipo hayo yanahesabiwa kama punguzo la bei. Kwenye ripoti utayakuta yamepunguza mapato ya magari, hayako kwenye kitengo cha mikopo. Vivyo hivyo kwa magari ya kukodisha miaka mitatu: yakirudi na bei ya mtumba imeshuka chini ya ilivyokadiriwa, mtu lazima abebe tofauti. Sedani zilizomwagwa kwa wingi kwa kampuni za kukodisha magari ndizo huanguka bei kwanza, na anguko hilo linavuta chini bei ya sedani mpya iliyoko yadini.